Swali la baba mdogo pale Kibirizi

Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa hiyo mwalo wa Kibirizi ulijaa watu wanaoshona nyavu. Nilikuwa nimerudi Kigoma kwa likizo, mwaka 2008, na begi la fotokopi. Tasnifu yangu ya sheria ilihusu taka za nyuklia na namna mataifa yanavyodhibiti kuzikwa kwake chini ya sakafu ya bahari. Baba mdogo akaniuliza ni kitu gani hicho kinachosomwa Dar mpaka mtoto anakonda.

Nikamweleza. Kuanzia 1946 nchi zenye viwanda zilikuwa zikitosa mapipa ya taka zenye mionzi baharini. Mkataba wa London wa 1972 ulizikataza zile kali. 1983 wanachama wakakubaliana kusitisha hata zile hafifu, na 1993 wakazipiga marufuku zote. Katikati ya hayo palikuwa na wazo jingine la wanasayansi: kudondosha kutoka melini vyuma vyenye ncha vilivyobeba taka, vijichimbie vyenyewe ndani ya tope la kilindini. Itifaki ya 1996 ya mkataba huo ililifungia mlango wazo hilo, kwa kusema bahari ni pamoja na sakafu yake na udongo ulio chini. Ila hifadhi ya taka inayofikiwa kutoka nchi kavu pekee haimo katika katazo hilo. Sweden wanayo ya namna hiyo pale Forsmark tangu 1988: mahandaki yanaanzia pwani na kuingia chini ya Bahari ya Baltiki.

Baba mdogo alikuwa ameubana wavu kwa kidole gumba cha mguu, uzi wa nailoni umevutika hadi kwenye goti. Akauachia.

"Kwa hiyo chini ya bahari ni kule kule. Ukipitia majini una kosa, ukipitia nchi kavu huna?"

Niliitetea sheria, na hata leo ningeitetea. Handaki lina lango, lina wakaguzi, na ipo serikali moja ya kuulizwa likivuja. Chuma kilichozikwa katikati ya bahari kuu hakuna atakayerudi kukitazama. Akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali nusu.

"Haya. Na ziwa letu?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa mazito. Mkataba wa London unashika maji ya bahari tu. Tanganyika, yenye kina cha mita 1,470 na matope ya mamilioni ya miaka, haimo hata kwa mstari mmoja. Kinachotulinda ni cha Afrika wenyewe: Mkataba wa Bamako wa 1991, unaohesabu taka zenye mionzi kuwa hatari na kukataza kuzitupa hata katika maji ya ndani, pamoja na Mkataba wa Ziwa Tanganyika uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003.

"Kongo wamo?"

"Kwenye huo wa ziwa wamo, baba. Burundi na Zambia pia."

"Basi andika la ziwa kwanza, ya Sweden yafuate. Sisi maji haya tunayanywa."

Sura hiyo niliianza jioni ile ile. Baadaye msimamizi wangu alitaka niipunguze iwe kurasa mbili kwa kuwa, alisema, iko nje ya mada. Nilikataa, tukabishana mwezi mzima, na ikabaki yote.