Kimeng'enya Kivivu Chaenda Athi River

Kilichokiangusha kimeng'enya chetu ni kipimo cha karatasi. Unakata ukanda wa karatasi ya kuchujia, sentimita 1 kwa 6, unauzamisha kwenye maji ya kimeng'enya kwa nyuzijoto 50, na baada ya saa moja unapima sukari iliyotoka. Selulasi, kimeng'enya kinachovunja selulosi (nyuzi za mimea, pamba na karatasi) kuwa sukari, ikiwa ya kuvu wa Trichoderma huitafuna karatasi hiyo mpaka ikalegea. Yetu ikaiacha inaelea vilevile nilivyoitia.

Na tulikuwa tumejipa matumaini makubwa. Bakteria wenyewe, jamii ya Bacillus, niliwatoa kwenye udongo wa chini ya lundo la makapi ya mkonge kule Mwatate, udongo mweusi wenye mvuke ukiuchimba asubuhi. Kwenye sahani walipendeza mno. Ukimwaga ile rangi nyekundu ya Congo kisha ukasuuza kwa maji ya chumvi, kila kundi la bakteria lilibaki na duara la njano pembeni, pana kuliko kundi lenyewe, dalili kwamba selulosi pale imeliwa. Tatizo ni kwamba selulosi ya kwenye sahani imeshalainishwa kiwandani hadi inayeyuka majini. Karatasi na pamba ni habari nyingine: minyororo ya selulosi imelala kwa safu, imebanana, na kuivunja yote kunahitaji vimeng'enya vya aina tatu vikisaidiana. Wetu walitoa kwa wingi aina moja tu, ile inayokata mnyororo katikati, pale palipolegea.

Mradi ulikuwa wa kupata ethanoli, yaani spiriti, kutokana na makapi yaliyovunjwa kuwa sukari. Kwa kazi hiyo kimeng'enya changu kilikuwa bure kabisa, na wenzangu wa maabara wakakibandika jina: kivivu.

Profesa wetu alitazama daftari langu akacheka. "Sasa wewe unalia kwa sababu hakimalizi pamba? Nenda Athi River uwaulize wafuaji wa jinzi kama wanataka suruali ziliwe zikaisha."

Ndivyo nilivyojikuta kwenye matatu na sanduku la barafu mapajani, ndani mna dumu la lita mbili. Bakteria hawa hutema kimeng'enya nje ya mwili, kwa hiyo kazi yote ni kuwaondoa wao na kubakiza maji waliyoishi ndani yake. Tuliwalisha makapi ya mkonge yaliyosagwa, wala si sukari: bakteria akipewa sukari ya bure hana haja ya kuhangaika na selulosi, anaacha kutengeneza. Kisha tuliyazungusha maji yale kwa kasi kwenye baridi, uchafu ukatuama, protini tukazigandisha kwa amonia salfeti na kuziyeyusha upya kwenye maji kidogo. Yote hayo stima ikitaka. Kilichopatikana kilikuwa cha rangi ya kahawia, kinanuka kama uji uliochacha, na jirani yangu kwenye matatu alifungua dirisha bila kusema neno.

Msimamizi wa chumba cha kufulia alikuwa mzee wa makamo, viganja vimeingia nili, ile rangi ya samawati ya jinzi, hadi kwenye mistari. Nilimwonyesha jedwali langu la nguvu ya kimeng'enya, yuniti kwa mililita. Hakulitazama.

"Hii ni dawa ya kutoa wanga kwenye kitambaa au ya kupausha?"

"Ya kupausha, Mzee."

"Ya India?"

"Ya Mwatate."

Alicheka mpaka akakaa. Mimi niliyedhani nimekuja kumfundisha vimeng'enya nikagundua anavitumia kila siku ya Mungu. Alianza kazi enzi za mawe, yale mepesi ya volkano yanayoelea, unayatia mashineni karibu kilo kwa kilo na suruali, yanachubua nguo na mashine pamoja, mchanga wake unaziba mifereji. Soko la AGOA, mpango wa kuuza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru, lilipofunguliwa mwaka 2000 oda ziliongezeka, na yeye aliikaribisha dawa ya dramu, yaani kimeng'enya cha kubandua nili badala ya mawe, kwa moyo mmoja. Aliniuliza pia kama hatutafanyiwa kama ile habari ya magazeti ya 2004, ya vijidudu vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa na kampuni ya Marekani iliyodaiwa kuvitumia kupaushia jinzi. Nikamwambia hawa bado wako kwenye friji yetu.

Alitumia mashine mbili za sampuli. Moja ikapewa dawa yao, inayopenda maji yenye asidi kidogo, pH 5 hivi. Nyingine ikapewa yetu, pH 7, maji yasiyo na asidi. Ya kwao ilipausha upesi. Yetu ilijikokota, akaiongezea muda mara mbili huku akinitazama kwa huruma. Mwisho akatia magadi na kupandisha joto hadi 80, maana kimeng'enya kisipozimwa kinaendelea kula kitambaa hata nguo ikiwa ndani ya katoni.

Nilidhani ataangalia mapaja kwanza. Yeye aliingiza mkono na kuupindua mfuko. Kitambaa cha ndani, kile cheupe, kwenye suruali ya dawa yao kilikuwa cha samawati hafifu, chafu: nili iliyobanduka imerudi kung'ang'ania. Wa kwetu ulikuwa mweupe. Akaushika wa pili, wa nyuma, akaupindua pia. Kisha akalikamata paja kwa mikono miwili, akalivuta kwa nguvu karibu na sikio.

"Haijachoka," alisema. "Nguvu ya kitambaa ipo."

Nikaanza kutabasamu mapema mno, maana maswali ndiyo yalikuwa yanaanza. Stoo yetu ina bati, mwanangu, dawa yako itakaa mwezi humo bila friji? Hii mashine ndogo inatumia maji yaliyolainishwa, kule kubwa tunachanganya na ya kisima yenye chumvi, itakuwaje? Na nikitaka madramu kumi Ijumaa? La dramu nilipiga hesabu palepale: kwa chupa zetu za maabara, moja tu ingetumaliza muhula mzima.

Akanijazia madumu ya maji ya kisima nikayajaribu. Chumvi ilikipunguza kimeng'enya nguvu kidogo, jambo la kuvumilika. Joto la bati ndilo lililokiua. Tulipokitia gliseroli, kimiminika kizito chenye utamu, kilistahimili zaidi, nikampigia Mzee simu kumwarifu, naye akataka kujua gliseroli lita moja ni pesa ngapi.