Vileja vya Sikukuu: vipimo na moto

Vipimo nilivyorithi vya vileja, biskuti za unga wa mchele, vilikuwa vya vikombe na makisio, na kikombe cha unga wa mchele kinadanganya: ukiushindilia, uzito unaongezeka sana. Nimevigeuza kuwa gramu, na tangu hapo vya Idi hii na vya Idi ijayo vinafanana.

Unga wa mchele 500, samli 250, sukari ya unga 220, mayai 2 ya kawaida, hiliki iliyotwangwa kijiko kimoja na nusu cha chai, kungumanga iliyokwaruzwa robo kijiko, chumvi chembe. Zafarani nyuzi kama 20, nairoweka katika vijiko 2 vya mezani vya maji ya mawaridi yaliyopashwa moto kidogo. Vinatoka kama 50. Mdalasini siweki, unatia weusi na kuifunika hiliki. Hiliki yenyewe natoa punje kwenye maganda na kutwanga siku ile ile. Ya kopo iliyokaa miezi haina kazi hapa.

Unga wa mchele hauna mnato wa ngano, kwa hiyo kinachoshikilia kileja ni yai na samli tu. Ndiyo maana unga lazima uwe laini kabisa. Ule wa uji mara nyingi una chenga, na chenga zinabaki mdomoni kama mchanga. Nikisaga mwenyewe, naroweka mchele saa 4, nauchuja, nauanika kivulini, nasaga ungali na unyevu kidogo, nachekecha mara mbili, kisha naukausha unga kwenye sinia. Unga ukibaki na unyevu, vileja vinatanuka na kuwa chapati.

Kwenye samli ndiko kazi nyingi inakoharibika. Inatakiwa iwe imeganda nusu, ukiitia kidole kinaingia bila kusukuma. Joto la pwani huiyeyusha, hivyo naiweka bakuli ndani ya beseni la maji baridi na kuikoroga mpaka igeuke nzito na nyeupe. Samli ya maji haishiki hewa hata uipige nusu saa. Napiga samli na sukari dakika 8 hadi 10, natia yai moja moja, halafu hiliki, kungumanga, chumvi na nusu ya maji ya zafarani. Mayai yasitoke kwenye friji moja kwa moja, maana mchanganyiko utakatika, yaani samli na yai vitatengana; ukikatika, shikilia bakuli juu ya mvuke kidogo huku unapiga. Unga natia kwa mafungu matatu nikichanganya kwa mkono.

Hapo donge litaonekana laini mno. Usiongeze unga! Lifunike, lipumzike saa moja na nusu. Unga wa mchele unakunywa taratibu. Baada ya hapo fanya vidonge vya gramu 20, bonyeza mpaka unene wa sentimita moja. Kingo zikipasuka, donge ni kavu, ongeza kijiko cha chai cha samli na ukande. Nakshi napiga kwa uma, kisha nukta ya zafarani iliyobaki katikati.

Kwa oveni ni nyuzi 150, dakika 20 hadi 22, treya ya katikati, juu ya karatasi ya kuokea. Kwa mkaa nachukua sufuria nzito, natandaza mchanga mkavu chini, naweka treya juu ya vijiwe, nafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Moto wa juu uzidi wa chini. Nikisawazisha yote mawili, chini hubabuka kabla juu hakujakauka. Kileja kilichoiva hubaki cheupe juu, chini kina rangi ya majani makavu. Ukisubiri kiwe kahawia, umechelewa.

Kikitoka kinavunjika hata kwa kupulizwa, ndiyo sababu wengi hudhani hakijaiva na kukirudisha motoni. Kiache pale pale kwenye treya dakika 30 bila kukigusa. Kisha vipange kwenye kopo la mfuniko wa kubana, karatasi kati ya kila tabaka. Mimi naoka siku mbili kabla ya Sikukuu: hiliki inasikika zaidi kesho yake kuliko siku vilipotoka motoni.