Kura Zangu Tatu za Gliwice

Novemba 2019 nilikuwa mpangaji Gliwice, mji wa chuo na makaa ya mawe huko Silesia, kusini mwa Poland, ambako wakati wa baridi ukianika shati nje linarudi ndani na harufu ya moshi. Chumba nilipangishwa na bibi mmoja mjane aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa kike, darasa la nne. Ndiye huyo mjukuu aliyeniingiza kwenye habari za Junior Eurovision, shindano la kuimba la watoto wa miaka 9 hadi 14, kila nchi na mwimbaji wake. Mimi nilikwenda kule kusoma uhandisi. Watoto kuimba hakukuwa kwenye ratiba yangu.

Ila mwaka ule hukuwa na pa kukimbilia. Mwaka uliotangulia, kule Minsk, Roksana Węgiel alikuwa ameipa Poland ushindi wake wa kwanza, na sasa shindano lilikuwa limekuja mlangoni kwetu, Arena Gliwice, ukumbi uliofunguliwa 2018 tu. Bibi alikataa katakata kununua tiketi. Alisema kulipia kitu ambacho televisheni inakionyesha bure ni kuchezea pesa, na kwa hesabu yake hiyo tukaja kutazama kwenye runinga jambo lililokuwa likitendeka mwendo wa mguu tu kutoka nyumbani.

Bibi alikuwa na sababu zake za kutopandisha mzuka mapema. Aliyakumbuka mashindano ya kwanza kabisa, Copenhagen 2003, Poland ilipotoka ya mwisho. Mwaka 2004, Lillehammer, ikaishia mkiani tena. Baada ya hapo wakakaa pembeni mpaka 2016. "Miaka kumi na mbili tumejificha," alikuwa akisema huku akimenya viazi, "halafu leo mnataka nishone bendera?"

Mwimbaji wa safari hii alikuwa Viki Gabor, mtoto wa miaka 12, mzaliwa wa Hamburg, wa ukoo wa Waroma, jamii ya wachache ambayo Ulaya hubaguliwa sana. Nataja ukoo kwa sababu mle kwenye jengo letu ulitajwa. Jirani wa chini alipanda siku moja kurudisha sufuria, akatupa neno pale mlangoni kwamba msichana mwenyewe si wa hapa hasa. Bibi hakumkaribisha hata ndani. Alimuuliza, "Anaimba Kipolandi, ama masikio yako yameziba?" Kisha akapokea sufuria yake. Kusema kweli wimbo wenyewe, "Superhero", ulikuwa nusu Kipolandi nusu Kiingereza, lakini hapo haikuwa nafasi ya mpangaji kusahihisha.

Upigaji kura ulianza Ijumaa usiku, siku mbili kabla ya onyesho. Tulikaa jikoni, simu yangu imeegemezwa kwenye kopo la sukari kwa kuwa ya bibi ilikuwa ya vitufe. Tovuti haikuruhusu upige kura hivi hivi. Kwanza ilikulazimu uangalie video ya vipande vya nyimbo zote 19, Australia hadi Serbia. Halafu inakutaka uchague nchi tatu au zaidi, mwisho tano. Na unaruhusiwa kuipigia nchi yako mwenyewe. Nilipoliona hilo nilicheka. Niliwaambia kwamba basi nchi yenye watu wengi wenye simu imeshamaliza kazi kabla mtoto hajafungua mdomo. Mjukuu alinitazama kama mtu aliyemtukana mama yake.

"Ndiyo maana ni tatu, mjomba," akasema. "Moja unawapa wako. Mbili unasikiliza."

Yeye alisikiliza kweli. Alikuwa na karatasi yenye alama za penseli, kila nchi na mstari wake, na video ile aliirudisha mwanzo mpaka chai ya bibi ikapoa. Aliipa Poland, akaipa Hispania kwa sababu ya Melani García na sauti yake ya opera iliyotoka kwenye kifua cha mtoto, na akaipa Kazakhstan kwa sababu Yerzhan Maksim, kwa maneno yake, "anaimba kama hatapumua tena". Mimi niliambiwa nichague zangu bila kuchungulia. Nikaipa Poland kwa heshima ya nyumba, nikaipa Kazakhstan kwa haki, na ya tatu nikaipa Wales. Mjukuu alisikitika kuona kura inatupwa hivyo. Lakini mtoto wa Wales alikuwa akiimba Kiwelisi, lugha yenye wasemaji wachache kuliko wakazi wa wilaya kadhaa za kwetu, na kwangu hilo lilitosha.

Ndipo akauliza swali nililokuwa nimelikwepa: kwenu mbona hawapo, wakati Australia iko? Nilimweleza kwamba haya ni mambo ya vituo vya utangazaji vya Ulaya na jirani zake, kwamba Australia na Kazakhstan ni waalikwa, na kwamba kutoka Afrika Morocco iliwahi kuimba mara moja, 1980, lakini kwenye Eurovision ya wakubwa. Alifikiri kidogo. "Basi ombeni mwaliko," akasema. Mpaka leo sina jibu bora zaidi ya hilo.

Jumapili tarehe 24 onyesho lilianza saa kumi jioni, nje giza linaanza kuingia. Poland ilipangwa ya kumi na moja, mara tu baada ya Kazakhstan, na hapo nilimwonea huruma Viki. Kupanda jukwaani nyuma ya Yerzhan ni adhabu. Alipanda akaimba bila wasiwasi wowote ambao mimi niliuona. Bibi aliacha kufuma. Alikuwa ameshika sindano hewani muda wote wa wimbo, na ulipokwisha akaanza kuhesabu vitanzi upya akilalamika kwamba tumemvuruga.

Nyimbo zilipoisha kura zikafunguliwa tena kwa dakika 15, tukapiga tena. Kisha alama za majaji, nchi moja baada ya nyingine, zikisomwa na watoto. Kazakhstan ikaongoza kwa 148. Poland ilikuwa na 112. Mjukuu alikaa chini ya meza kabisa, akisikiliza kutokea huko. Zikaja za mtandaoni, ambazo hugawanywa kufuatana na sehemu ya kura kila nchi iliyopata, na Poland ikapewa 166. Kazakhstan ikaambulia 79. Jumla 278 kwa 227, Hispania ya tatu. Kupitia sakafuni nilisikia nyumba nzima ya jirani wa chini ikipiga kelele, na bibi akasikia pia, akapiga sakafu kwa kisigino mara mbili, sijui kwa furaha au kwa kumkumbusha.

Hakuna nchi iliyokuwa imewahi kushinda mara mbili mfululizo, wala mwenyeji kushinda kwake. Niliwaambia hivyo, nikaongeza kwamba kwa majaji peke yao Yerzhan ndiye angekwenda na kombe. Nilinyimwa keki. Wales ilimaliza ya 18 kati ya 19, na hilo nilikumbushwa wiki nzima.

Mwaka uliofuata shindano lilikwenda Warsaw, lakini kwa sababu ya korona watoto walirekodiwa makwao na sisi tukatazama tukiwa tumefungiwa ndani. Mjukuu akaja na karatasi yake na penseli. Aliisikia Ufaransa, akaipa kura, akazigawa nyingine mbili anakokujua mwenyewe, na Poland ikabaki nje. Ufaransa ilishinda. Bibi alimnunia mpaka Jumanne, na mimi nikalaumiwa kwa kumfundisha mtoto mambo ya Wales.