Tulivyokaa kuuliza kwa nini watoto wetu wanafia nyumbani

Nilikuwa muuguzi miaka 29, mingi yake katika wodi ya watoto, kisha nikastaafu nikarudi kwetu Kisauni, Mombasa. Kazini tulikuwa na kikao cha kukagua vifo vya uzazi. Mama akifariki akijifungua, au kichanga kikatutoka, tunakaa pamoja daktari, wauguzi, mtu wa maabara na dereva wa ambulensi, faili linafunguliwa bila jina, na tunauliza ni wapi tungeweza kumwokoa. Hakuna anayenyooshewa kidole. Lakini mtoto aliyetoka hospitali mzima, akatimiza miaka miwili, akafia chumbani kwao, huyo hana kikao. Ana maziko tu.

Katika muda wa mwaka na miezi kidogo tuliwazika watatu mtaani kwetu. Mmoja "ameanguka msalani". Mwingine "degedege". Wa tatu sikuambiwa chochote. (Umri na mambo mengine nimeyabadilisha hapa, ili asitambulike mtu.)

Kwetu maiti hailazwi. Mtoto akifa alfajiri, adhuhuri anaswaliwa, na alasiri keshafukiwa. Kifo cha nyumbani huandikwa na naibu wa chifu, naye huandika alichoambiwa na wafiwa. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 386, inamtaka polisi aliyepata habari ya kifo chenye shaka achunguze na kumpelekea hakimu ripoti. Lakini nani ampe polisi hiyo habari, ikiwa kabla ya Magharibi kaburi limeshafunikwa?

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja anayeosha maiti za wanawake na watoto tangu mimi sijaolewa. Tulikuwa kibarazani kwake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, yule mtoto alikuwa na alama nyuma ya sikio, na mbavuni nyingine. Nimenyamaza kwa sababu ya sitara." Mwosha hufundishwa hivyo: ulichokiona juu ya maiti, kifiche, na Mwenyezi Mungu atakusitiri. Mafundisho hayo nayaheshimu, na sikutaka kumvunja bibi wa watu imani yake. Nikaenda kwa imamu wa msikiti wetu nikamweleza yote. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Kinachositiriwa ni aibu ya maiti. Dhuluma aliyofanyiwa si aibu yake." Akaongeza kwamba kuharakisha maziko ni jambo jema, lakini yanaweza kungoja ikiwa haki ya marehemu haijajulikana. Nilimwomba awaambie waosha kwa mdomo wake mwenyewe, akakubali. Bila yeye nisingefika popote.

Kikao cha kwanza kiliniharibikia. Niliwaita watu kumi na mbili katika chumba cha madrasa baada ya Isha. Haikupita nusu saa, pakawa mahakama. Mmoja alimtaja baba wa kambo kwa jina, mwingine akamtetea, sauti zikapanda. Asubuhi yake mwuza maandazi alikuwa anajua kila neno. Mama wa mtoto alihama kabla ya wiki kwisha. Tena kesi ilikuwa bado iko kwa polisi, na afisa wa dawati la jinsia aliniambia wazi kwamba tungeweza kuwaharibu mashahidi. Alikuwa na haki kusema hivyo. Nililia usiku ule, kwa sababu nilikuwa nimemwongezea mateso mama ambaye yalikuwa yamemtosha.

Miezi mitatu baadaye tulianza upya, safari hii chini ya afisa wa watoto, si mimi. Watu saba tu. Mtoto anapewa nambari. Kifo ambacho polisi au mahakama hawajamaliza hatukigusi. Simu zinakaa kapuni mlangoni, na daftari ni moja, linafungiwa kabatini kwa afisa. Anayetoa neno nje harudi tena.

Nilibandika karatasi ya manila ukutani nikachora mstari, mwanzo wake siku ya kuzaliwa na mwisho wake siku ya kufa. Kila mmoja alikuja kuandika alichokiona na lini. Maalim wa madrasa: mtoto anasinzia darasani, siku moja anachechemea. Mhamasishaji wa afya: amebisha hodi mara mbili, mama amejibu nyuma ya pazia, uso umevimba. Mwenye duka la dawa: ameuza dawa ya maumivu mara tatu ndani ya mwezi. Jirani wa chumba cha pili (nyumba zetu za Kiswahili zinajulikana, ukuta hauzuii sauti): amesikia, akaongeza sauti ya redio. Na mzee wa mtaa aliandika, mkono ukimtetemeka, kwamba mama alikuja kwake kulalamika kuwa mume anampiga, naye akamrudisha wakayamalize nyumbani.

Karatasi ilipojaa hakuna aliyesema kitu. Kila mtu alikuwa na kipande chake, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha mwenziwe.

Niliwasimulia habari ya Victoria Climbié, mtoto kutoka Ivory Coast aliyechukuliwa na shangazi wa mzazi wake kwenda Ulaya ili apate maisha mazuri. Alifia London mwezi wa Februari 2000, umri wake miaka minane, kwa mateso ya nyumba ileile iliyompokea. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming ulitoa ripoti 2003 na kuonyesha nafasi zisizopungua 12 ambazo madaktari, polisi na maafisa wa ustawi wangeweza kumwokoa. Sisi hapa tunao wangapi waliotoka kijijini kuja kwa jamaa "wasomeshwe"?

Jambo jingine lilijitokeza ukutani bila kulitafuta. Katika vifo viwili kati ya vitatu, mama alikuwa akipigwa kabla ya mtoto kuguswa. Tumezoea kusema ugomvi wa mke na mume hauingiliwi, na mtoto yumo ndani ya ugomvi huohuo, pengine mgongoni kwa mama yake. Kenya ina sheria ya kumkinga mtu na ukatili wa nyumbani tangu 2015, na hakimu anaweza kutoa amri ya kumweka mpigaji mbali. Katika sisi saba, wawili tu walikuwa wamewahi kuisikia.

Kwa waosha nilikwenda peke yangu, mara nne. Niliona hatari ya upande wa pili: kuwafanya washuku kila familia iliyofiwa. Mtoto anayetembea huchubuka muundi na paji la uso. Hayo ni ya kawaida. Sikio, shingo, mbavu na tumbo si mahali pa kuumia kwa kuanguka tu. Kichanga ambacho hakijaanza kutambaa hakipaswi kuwa na alama ya pigo popote. Lakini lile baka la buluu kiunoni watoto wetu wengi huzaliwa nalo, na damu ya maiti hushuka upande aliolalia, ikaonekana kama uvilio wa fimbo. Na mtoto mchanga akitikiswa kwa hasira, damu inaweza kuvujia ubongoni na nje usione hata mkwaruzo. Kwa hiyo mwosha hahukumu. Anapiga simu tu, kabla ya sanda.

Mara moja simu ilipigwa, maziko yakangoja mpaka kesho yake, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha ni ugonjwa. Nilikwenda kwa wazazi kuwaomba radhi kwa ule usiku wa ziada. Baba hakutaka kuniona. Mama alinikaribisha ndani, akanishika mkono, hatukusema mengi.

Sasa naibu wa chifu haandiki kabla ya kuuliza mtoto alikuwa na nani, alianza lini kuugua, na alipelekwa wapi. Jibu lisiposimama, anawaita polisi kwanza. Nambari 116, ya kupiga bure mtoto akiwa hatarini, imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa madrasa, kimo ambacho mtoto anaweza kuisoma.

Usiku ule wa karatasi ya manila tulikuwa tumeshaanza kukusanya viatu. Mzee wa mtaa alikuwa bado anautazama ukuta, akauliza, "Na yule dada yake yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumekaa saa tatu tukimzungumza marehemu. Afisa wa watoto alitoka asubuhi na mapema na mhamasishaji wa afya. Walimkuta mle mle chumbani, miaka saba, anafua nguo za baba wa kambo, mkono wa kushoto hauinui. Leo yuko kwa bibi yake mzaa mama, ng'ambo ya Likoni, na kila Ijumaa mmoja wetu anavuka feri kwenda kumjulia hali.