Ujumbe wa kazi nisiyoiomba

Nilikuwa na miezi minne bila kazi, na maombi niliyokwisha kutuma yalikuwa mengi hadi hesabu ikanipotea. Hapo ndipo matapeli waliponipata. Ujumbe ulisema wasifu wangu umependekezwa: kazi ya kufanyia nyumbani, saa mbili kwa siku, malipo kila jioni. Kampuni iliyotajwa inajulikana. Cheo hakikutajwa, nami nikajiambia labda ni mojawapo ya zile nafasi nilizoomba nikasahau.

Nilipojibu, tukahamia WhatsApp. Dada mmoja mpole (au yeyote aliyejificha nyuma ya picha ile) akanipa bidhaa 40 nizipe nyota kwenye tovuti yao. Jioni pesa kidogo ikaingia kweli. Hiyo ndiyo iliyonilainisha, maana tapeli gani hutangulia kulipa? Kumbe chambo nacho hugharimiwa.

Siku ya tatu likaja “kundi maalumu” la bidhaa, salio langu kwenye tovuti ile likawa hasi, yaani eti nadaiwa. Wakataka niongeze pesa yangu, tena kwa sarafu ya kidijitali, kisha nitatoa zote pamoja na faida. Faida yenyewe niliiona kwenye kioo cha simu ikipanda. Nikaomba wakate deni humo humo kwenye faida. Upole ukaisha palepale: nina dakika 30, la sivyo akaunti inafungwa.

Ile haraka ndiyo iliyonizindua. Nikasoma anwani ya tovuti taratibu. Jina la kampuni lilikuwepo mwanzoni, lakini mwenye tovuti hutambulika kwa neno lililo kabla tu ya .com, na hilo lilikuwa jingine kabisa. Nikapiga simu kwenye kampuni yenyewe, kwa namba niliyoitafuta mwenyewe, si ya kwenye ujumbe. Aliyepokea hata hakushangaa.

Sikuweka pesa. Ila picha ya kitambulisho nilishawatumia siku ya kwanza, eti ya mkataba, na hilo linaniuma mpaka leo. Nilitoa taarifa benki na polisi, nikabadilisha nywila zote.

Siku hizi kila ombi la kazi naliandika daftarini: kampuni, cheo, tarehe. Ujumbe ukija na haumo, sijibu hata kwa kejeli, kwani jibu lolote huwaonyesha kuwa namba ina mtu. Juzi umeingia mwingine, wasifu wangu umependekezwa tena. Nikafungua daftari, nikafuta ujumbe.