Pipa la Taka Nyuma ya Bega la Mama

Picha pekee tuliyopigwa sote pamoja na mama kabla hajarudi kijijini ilipigwa Arboretum, bustani ya miti hapa Nairobi, na nyuma ya bega lake la kushoto palikuwa na pipa la taka la rangi ya manjano lililovuta jicho kuliko uso wake. Jana usiku, watoto walipolala, niliifungua katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha ambayo imekuwapo tangu mwaka 1996, nikarudufu tabaka la picha kwanza ili ile ya asili isiguswe, kisha nikaanza kulifuta pipa kwa zana ya kunakili, ambayo huchukua pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, za sehemu moja na kuzipaka juu ya nyingine.

Nyasi hazikunisumbua. Kazi ilikuwa kwenye matamvua ya shali ya mama, pale yaliponing'inia mbele ya pipa: ilinibidi nikuze picha hadi asilimia 400, nipunguze brashi, na nibadilishe kila mara mahali pa kunakilia, kwa kuwa jani lilelile likijirudia mara tatu jicho hulitambua papo hapo. Pipa lilipokwisha kutoweka, kivuli chake kilikuwa bado kimelala kwenye nyasi, nacho nikakiondoa.

Mwuza njugu aliyesimama kwa mbali nimemwacha. Mama alinunua njugu kwake siku ile, na hadi leo humtaja. Kesho naipeleka picha ikachapishwe, aitundike sebuleni.