Alamanda Haina Dume: Siku Moja Kitaluni Raskazone

Saa kumi na mbili asubuhi nilifungua maji kitaluni kwetu Raskazone, Tanga, na kufikia saa mbili viriba vyote, yaani vifuko vya miche, vilikuwa vimemwagiliwa na njia zimefagiliwa.

Saa tatu nilikata vipandikizi vya alamanda, kichaka chenye asili ya Amerika ya Kusini ambacho maua yake ya manjano yana umbo la tarumbeta. Nilichagua tawi lisilo changa sana wala gumu mno, nikalikata chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapotokea, na papo hapo ukatoka utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ni sumu na huwasha ngozi. Wanaodhani kazi yetu ni kumwaga maji tu wangeiangalia mikono yetu.

Saa nne na nusu aliingia mama mmoja akiwa ameshika tawi lenye majani tele bila tumba hata moja. Sijamaliza kumwamkia, akasema, "Mwanangu, mmeniuzia mche dume." Nilimweleza kwa adabu kwamba alamanda si mpapai, kwa kuwa kila ua lina sehemu za kiume na za kike pamoja, lakini hakukubali, akadai arudishiwe fedha zake mbele ya wateja wengine, na mabishano hayo yakaendelea karibu saa nzima. Nilipomwuliza alipoupanda, ndipo nikajua: chini ya mwembe, na kila wiki anautilia ndoo ya samadi. Kivuli huunyima maua, na samadi ikizidi mche hukazana kutoa majani.

Kwa kuwa sipendi mche wangu usingiziwe, nilichukua jembe na mkasi nikaongozana naye hadi kwake. Jua lilikuwa la utosi. Nilichimba shimo upande wa pili wa uwanja wake, penye jua siku nzima na ukuta unaokinga upepo wa chumvi wa kusi, nikakutana na mawe ya matumbawe yaliyonitoa malengelenge viganjani. Udongo huo wa chokaa huyafanya majani kugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, hivyo nilijaza shimo kwa mboji na udongo mwekundu, nikauhamishia mche humo. Kisha niliyapunguza matawi, kwani maua hutokea kwenye machipukizi mapya. Mama alinyamaza, akaniletea maji ya dafu.

Sikumbuki nilirudi saa ngapi. Vipandikizi vya asubuhi vilikuwa vimeanza kulegea, nikavinyunyizia maji na kuvichomeka mchangani kimoja kimoja hadi adhana ya magharibi.